Gitaa Ndani ya Buibui

Ile video ya buibui linalopiga gitaa, aliye ndani ni mimi. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla hamjaniuliza. Najua imeshafika Kisauni, maana binamu yangu wa huko kanitumia sasa hivi na chini yake kaandika, "Mishi, kiatu hicho nakijua." Basi nimeona niwaeleze kisa chote tangu mwanzo, ili anayecheka ajue anachokicheka.

Kwa msionijua, mimi ni Mishi wa Likoni. Shule niliacha kidato cha pili (shule yenyewe haikulia). Asubuhi nauza mahamri na mama. Zikija harusi, napiga gitaa katika kikundi cha Bi Zuhura. Tuko watatu, wanawake watupu, ndiyo maana sherehe za kina mama hutuita sisi. Bi Zuhura anaimba na kupiga kinanda, Mwanasiti anapiga ngoma, na mimi nina gitaa langu kuukuu ambalo limegongwa misumari mara mbili na bado linajiita gitaa.

Wiki iliyopita Bi Zuhura alinunua kinanda kipya. Kina vitufe vingi kuliko matundu ya chekecheke. Akatuita barazani kwake, akabonyeza kitufe cha kumi na saba. Ikatoka sauti ya gitaa. Tena si gitaa hivi hivi, linatetemeka.

"Sikiliza hilo, Mishi," akaniambia. "Linalia kama mtu anayezuia machozi. Lako linasema ting, halafu limekwisha."

"Hilo si gitaa, Bi Zuhura. Hicho ni kitufe."

"Kitufe hakichelewi mazoezi."

(Nilikuwa nimechelewa mazoezi.)

Akaniambia polepole, kwa sauti ile anayotumia kumwachisha mtoto ziwa. Kina mama siku hizi wanataka sauti ya kisasa. Tuna harusi Alhamisi, nije kama kawaida. Lakini kama gitaa langu litakuwa lile lile la ting, baada ya hapo kumi na saba kitashika nafasi yangu. "Usinichukie, mwanangu," akasema.

Sikumchukia. Nilikichukia kitufe. Nikamwambia, "Alhamisi mimi pia nitatetemesha." Akaniuliza kwa kitu gani. Nikasema utaona. (Mimi mwenyewe nilikuwa nangoja kuona.)

Huko kutetemesha sauti kunaitwa tremolo. Wapiga gitaa wenye uwezo wana kisanduku chake, kinakaa chini karibu na mguu. Vya dukani siviwezi. Lakini mimi huwa nashinda kwa Fundi Kombo, mtengeneza redio, na kwake nimejifunza kushika pasi ya kuchomelea bila kujichoma sana. Nikaamua kukitengeneza.

Kinavyofanya kazi ni hivi, na nitaeleza mara moja tu. Ndani kuna kitaa kidogo kinachopepesa, waka, zima, waka, zima. Mbele ya kitaa kuna jicho, kile kidude kilichomo kwenye taa za nje zinazojiwasha zenyewe magharibi ikiingia. Jicho likiona mwanga, linaizamisha sauti ya gitaa. Likiona giza, linaiachia. Kwa hiyo kitaa kikipepesa, sauti nayo inazama na kuibuka, inazama na kuibuka. Ndiyo kutetemeka kwenyewe. Kitaa nilikitoa kwenye tochi iliyokufa. Jicho nililitoa kwenye taa ya nje ya mjomba (ruhusa alinipa baadaye). Kifundo cha kuongeza na kupunguza kasi kilikuwa cha redio. Vyote nikaviingiza ndani ya mkebe wa biskuti.

Siku ya kwanza mkebe ulitoa sauti ya saa ya ukutani. Tik, tik, tik, tik, mpaka mama akaniuliza kama ninatengeneza bomu. Nikahangaika nao siku mbili. Nikabadilisha betri, nikachomelea upya kila kiungo, nikausemesha kwa upole, nikautukana. Kumbe waya wa kitaa ulikuwa umelala ubavuni mwa waya wa gitaa, na kila kitaa kilipopepesa, waya mmoja ulimnong'oneza mwenzake. Nikawatenganisha kama watoto wanaopiga kelele darasani. Tik ikakoma. Nikapiga uzi mmoja, ukatetemeka, nikakaa chini nikaweka mikono kichwani. Nilikuwa nimefanya kitu, jamani.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini nikautazama ule mkebe. Umefungwa, kimya, hausemi kitu. Nimeungua vidole vitatu, halafu kina mama waje waone mkebe wa biskuti tu? Nikachukua msumari na nyundo, nikatoboa kifuniko, nikakichonga kwa makasi ya mama mpaka likapatikana dirisha la mviringo, nikalibandika plastiki ya chupa ya soda. Sasa ukiutazama kwa juu, unaiona taa ndani ikipepesa kama moyo. Uzuri wake, wallahi, ungekuwa wako ungelala nao.

Kuna jambo moja zaidi mlijue. Waya wa gitaa ninao mmoja tu. Niliukata katikati. Kipande kimoja kinatoka kwenye gitaa kinaingia mkebeni, cha pili kinatoka mkebeni kinaenda kwenye spika, na vyote nikavichomelea humo humo ndani. Kwa hiyo gitaa, mkebe na spika vikawa ndugu wa tumbo moja. Huwezi kumwacha mmoja nyumbani ukatembea na wengine.

Basi leo ndiyo Alhamisi yenyewe.

Asubuhi mahamri yalikwisha mapema, nikaona dalili njema. Nikajaribu mkebe chumbani. Chumba chetu kina dirisha moja, na mbele ya dirisha kuna kabati la mama, kwa hivyo hata mchana ni kama uko ndani ya mtungi. Gitaa likalia vizuri, likitetemeka kama maji ya ndoo mtu akipita na mkokoteni. Nikasema huu siuachi ndani, nautoa barazani nimwonyeshe Mama Riziki, jirani yetu, ambaye wiki nzima, kwa harufu ya kuchomelea, amekuwa akiniuliza kama ninapika mipira.

Nikauweka barazani juani, dirisha likang'aa. Nikapiga.

Kimya. Kwa mbali kabisa, sauti ya mbu.

"Nasikia," akasema Mama Riziki kwa huruma. "Nasikia vidole."

Nikarudisha kila kitu ndani. Nikapiga. Ukalia, ukitetemeka, hauna tatizo. Nikautoa nje. Mbu. Nikauingiza ndani, wimbo. Nje, mbu. Safari ya nne nilikuwa natoka jasho, na Mama Riziki alikuwa ameshajiletea kigoda.

Mama akasimama mlangoni na mikono yake ya unga.

"Kimezaliwa lini hicho?"

"Jumatatu, mama."

"Na leo Alhamisi. Mtoto hatolewi nje kabla ya arubaini, Mishi. Ulitegemea nini?"

Mama Riziki akacheka mpaka kigoda kikamkimbia. Mimi sikucheka. Lakini nawaapia, katika watu wote waliouona mkebe ule leo asubuhi, mama yangu ambaye hajawahi kushika waya ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Nikafunga kila kitu kwenye leso, mbio kwa Fundi Kombo. Kibanda chake mnakijua kilivyo. Redio zimepangwa mpaka darini, mlangoni kuna gunia la kuzuia vumbi, na yeye anafanya kazi kwa tochi ya kichwani kama mchimba kisima.

"Shikamoo, fundi. Mkebe umekufa."

"Marahaba. Uweke hapa." Akanitazama. "Piga."

Nikapiga. Ukalia vizuri kuliko siku zote.

"Mgonjwa wako mzima."

"Nyumbani alikuwa taabani, fundi, Mama Riziki shahidi."

"Ndivyo wagonjwa walivyo. Wakimwona daktari, homa inawatoka kwa uoga." Hata hivyo akaufungua. Akavutavuta waya, akagusa viungo viwili kwa pasi, akapima betri, akanisifu kidogo kwa jinsi nilivyotenganisha nyaya (hili sikulisahau, naliandika). Kisha akafunga kifuniko, akaliona dirisha.

"Na hili tundu la nini?"

"Urembo."

"Hm." Akaweka kidole juu ya dirisha. Akakiondoa. Akakirudisha. Akakunja uso. "Mishi, hebu tutoke nao nje kidogo..."

Ikaadhiniwa adhuhuri. Akazima tochi yake ya kichwani. "Ngoja nikaswali nirudi. Kuna jambo nataka kukuonyesha."

"Haya, fundi."

Sikungoja. Nilikuwa na gauni la kupigwa pasi, nilikuwa na nywele za kuchana, na mkebe ulikuwa umeshapona mbele ya macho yangu. Nikaona fundi anataka kunifundisha urembo, na urembo sikuhitaji kufundishwa. (Fundi Kombo, ukifika hapa katika kusoma: najua. Usiseme kitu.)

Baada ya alasiri tukawa ukumbini, hapa hapa Likoni. Sherehe ya kina mama watupu. Mapazia yameshushwa hadi chini asichungulie mtu, taa zilizowaka ni zile nyekundu na za kijani, giza la kistaarabu. Kina mama wakiingia wanavua mabuibui, na chini yake, lo, magauni ya kumetameta, dhahabu, mabega nje, kila mtu ni bibi harusi mdogo. Mimi nikalivua langu, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya kiti cha Bi Zuhura. Nilivaa gauni la mikono mifupi na asumini kichwani. Nilikuwa nimependeza. Video haionyeshi.

Wimbo wa kwanza tukauanza. Gitaa likatetemeka.

Likatetemeka, nawaambia. Kina mama wa mbele wakageuza shingo. Mmoja akamwambia mwenzake, "Tazama, ule mkebe una moyo ndani." Mwanasiti akanikonyeza huku anapiga ngoma. Bi Zuhura alikuwa anaimba, lakini jicho lake moja lilitoka kwenye kinanda likaja kutua kwenye mkebe, likakaa hapo ubeti mzima. Nikaona kumi na saba kimeshafukuzwa kazi. Nikausukuma mkebe mbele kwa ncha ya mguu, mpaka ukingoni mwa jukwaa, ili dirisha lionekane na watu wa nyuma pia.

Huo msukumo wa mguu ndio ulionimaliza.

Ukafika wakati wa kumleta bibi harusi. Wimbo wake unaanza na gitaa peke yake, bila kinanda, bila ngoma. Milango ikafunguliwa. Akatangulia mama wa video, anatembea kinyumenyume, na taa yake kubwa kama sinia juu ya mti. Nyuma yake bibi harusi, mtoto mzuri, kajifunika shela la kijani. Ukumbi ukawa mweupe kama adhuhuri. Vigelegele vikapanda. Nikavuta pumzi, nikapiga.

Mbu.

Nikapiga kwa nguvu. Mbu mwenye hasira.

"Mishi," akasema Bi Zuhura kupitia meno, huku anawachekea watu. "Gitaa."

"Napiga."

"Unapiga nini?"

Mwanasiti akaona aibu inakuja, akaingia na ngoma peke yake, na bibi harusi wa watu akaanza kutembea kama askari wa gwaride. Kushoto, kulia. Mama mmoja mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko akasema, tena hakunong'ona, "Huyu na gitaa lake kaja kula pilau?" Mwenzake akajibu, "Gitaa la mapambo hilo, shoga."

Kisha nikasikia sauti ile. Tamu, yenye adabu, isiyokosea. Bi Zuhura alikuwa amebonyeza kumi na saba.

Nikasimama na gitaa langu kama mtu aliyeshika mwavuli nyumbani. Sikulia. Macho yalitoa maji yenyewe, mimi sikuyatuma.

Bibi harusi ana nyanya yake. Kizee mfupi, mkavu, mwenye leso begani. Akaona hapana, mjukuu wake hapiti hivi hivi. Akainuka, akaikunjua leso kwa mikono miwili, akaja kucheza mbele ya jukwaa. Alipofika kati yangu na ile taa, gitaa likalia. Likatetemeka vile vile. Akasogea, likafa. Akarudi kwa madaha, likafufuka. Akageuka, likafa.

Mwanasiti akaniinamia bila kuacha ngoma. "We Mishi. Gitaa lako linaiogopa taa ya yule mama."

Nikaitazama taa. Nikalitazama dirisha langu. Nikakikumbuka kidole cha Fundi Kombo, kikipanda na kushuka.

Chumbani kwetu giza. Kwa fundi giza. Barazani jua. Na jicho la mjomba humo ndani, likiona mwanga wowote ule, linaizamisha sauti, haliulizi mwanga umetoka wapi. Yaani mimi, niliyejiona fundi, niliutobolea mkebe wangu dirisha kwa mkono wangu mwenyewe, kisha siku nzima nikashangaa kwa nini mwanga unaingia.

Nikaweka mguu juu ya dirisha. Kiatu changu ni cha wazi, kamba tupu, mwanga ukapenya kati ya vidole. Nikaangalia huku na huku, nikakimbilia msumarini, nikalichomoa buibui langu, nikalitupa juu ya mkebe, nikapiga. Gitaa likaingia katikati ya wimbo kama mtu aliyekuwa amefungiwa chooni. Bi Zuhura akashtuka. Lakini kinanda kina mikono miwili tu, na mtu akipiga gitaa la kitufe, anauacha wimbo wake mwenyewe. Akanisikiliza kidogo. Akakiachia kumi na saba.

Bibi harusi alikuwa ameshakaa. Tukapiga nyimbo mbili na buibui juu ya mkebe. Kisa kingeishia hapa, ningekuwa mtu wa heshima.

Mlangoni ikatoka sauti. "Kina mama, jisitirini. Bwana harusi anaingia kumpa mkono mkewe."

Mnajua inavyokuwa. Kufumba na kufumbua dhahabu yote imepotea, ukumbi mzima mweusi, mtu anamvisha mtu, huyu kavaa la yule. Mwanasiti kalivaa lake na bado ameshika ngoma. Na mimi? Mikono nje, asumini kichwani, na buibui langu moja duniani liko chini, liko kazini.

Nikilivaa, gitaa linakufa, na wimbo wa kumpokea bwana harusi nao unaanza na gitaa. Nisipolivaa, wanaume hao, nasikia viatu vyao kwenye ngazi.

"Nani ana leso?" nikauliza. Hakuna aliyenisikia. Kila mmoja alikuwa anatafuta ushungi wake.

"Mishi, vaa," akasema Bi Zuhura.

"Na wimbo?"

Kidole chake kikaanza kutembea kuelekea kumi na saba. Si kwa ubaya. Kilikwenda polepole, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonikera.

Nikachutama. Nikaukumbatia mkebe kwa miguu, gitaa nikalilaza mapajani, nikaliinua buibui, nikaingia. Sote wawili. Mimi na mkebe ndani ya buibui moja, kama kuku na yai lake. Shingo ya gitaa ikatokeza nje kama shingo ya mbuzi kwenye gunia, na mguu mmoja, wenye kiatu kile mnachokijua. Nikapiga.

Humo ndani kulikuwa na joto na harufu ya iliki na mafuta ya mahamri, maana buibui hilo ndilo la kazini. Sikuona chochote ila dirisha langu. Lilikuwa linapepesa, zuri vile vile nilivyolitaka. Mtazamaji wake nilikuwa mmoja tu.

Nikasikia viatu vikisimama karibu.

"Hiki nini?" Sauti ya kijana.

"Spika. Wameifunika isiingie vumbi."

"Spika ina kiatu?"

Kisha sauti nyingine, ya pole, ya mtu aliyelelewa na wazazi wake wote wawili. Bila shaka bwana harusi. "Assalamu alaykum," akaliambia buibui.

Ningefanyaje? Salamu ni salamu. "Waalaykumu salaam warahmatullah," nikajibu kutoka ndani, na sikukosea hata noti moja. Mtu fulani akakohoa kikohozi kirefu sana.

Wakapita. Nikaendelea. Baada ya muda nikasikia kinanda kimenyamaza, kisha ngoma nayo ikanyamaza. Ikabaki mimi peke yangu. Nikasema, Bi Zuhura ameniachia uwanja. Amekubali. Basi nikapiga kila kitu nilichokuwa nacho. Nilipiga ile mizunguko ninayoogopa mbele ya watu. Nilimpigia mama na kabati lake. Niliwapigia Mama Riziki na bangili za yule mama wa pilau. Miguu ilikufa ganzi nikapiga, jasho likaingia jichoni nikapiga. Nikapunguza kasi kwa kile kifundo cha redio, sauti ikawa inatetemeka taratibu, kama mtu anayesema kwaheri halafu haendi.

Pindo la buibui likainuliwa. Mwanga ukaingia. Mbu. Uso wa Bi Zuhura ukatokea, chini juu.

"Mishi."

"Abee."

"Wameshaondoka."

"Kina nani?"

"Wanaume. Wimbo. Wote."

"Zamani?"

"Bibi harusi ameshakata keki."

Nikajaribu kusimama kwa heshima. Miguu haikuwepo. Nikaanguka ubavu, gitaa tumboni, mkebe ukabingirika kwenye jukwaa na kitaa chake kinapepesa, na buibui likabaki kichwani kama kiota. Kina mama walikuwa wamekaa kimya kimya kwenye viti vyao, mabuibui wameshavua, wote wananitazama, wamejizuia mpaka hapo. Hapo hawakujizuia tena. Mwanasiti alilala juu ya ngoma. Mama wa video alikuwa ameisogeza taa karibu, hakupoteza kitu.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja, yule nyanya.

"Mnacheka nini?" akawauliza. "Mtu ana kazi yake. Mimi nilikuwa nalia vizuri hapa, mmenikatiza." Akaja mpaka jukwaani, akauokota mkebe, akaurudisha mbele yangu, akaufunika kwa leso yake mwenyewe. "Malizia, mwanangu."

Nikamalizia. Nimekaa chini, miguu haijarudi, kamasi zinatoka kidogo. Sikumtazama mtu.

Tulipokuwa tunafungasha, Bi Zuhura alikuwa anakifuta kinanda chake kwa kitambaa, hageuki.

"Ulipokuwa humo ndani," akasema, "nilikibonyeza kumi na saba. Nilitaka kukufunika. Nikaongeza na sauti."

"Sikukisikia."

"Najua hukukisikia. Hakuna aliyekisikia. Basi nikatafuta pa kukuzimia wewe, nikakosa pa kubonyeza." Akafunga zipu ya mfuko wa kinanda. "Jumapili tuna harusi Changamwe. Usichelewe. Na hilo tundu ukalizibe."

Sasa nimerudi nyumbani, miguu imerudi, na simu inaita kila dakika. Nimeuliza kwa nini katika sherehe ambayo picha zake hazitolewi nje, iliyotoka ni yangu tu. Nikajibiwa kwamba waliikagua vizuri, wakaona ndani yake haonekani mwanamke hata mmoja. Fundi Kombo ameituma bila neno, kaweka alama ya kidole tu. Mama ameitazama mara sita. Mara ya sita akasema, "Buibui limekupendeza," akaenda kukanda unga.

Haya, cheka. Cheka wewe wa Kisauni, na wewe wa bangili. Lakini jueni gitaa lilitetemeka, na Jumapili litatetemeka Changamwe. Na Bi Zuhura, samahani sana, mimi nakuheshimu kama mama, ila dirisha silizibi. Nitalishonea pazia.